Nasambu Aliyehesabu Wazima

Siku ya kwanza kufanya biashara na Bridget Nasambu, alinishusha shilingi arobaini bila kubembeleza hata kidogo. Alisimama mbele ya meza yangu pale Obunga, kwenye safu ya sisi wanawake kumi na wanne tunaokaanga mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa ya mbuta inayobaki baada ya kiwanda kutoa minofu. Wanunuzi wengine hutazama ukubwa tu. Yeye aliinua shavu la samaki mmoja mbichi kwa kidole, akanusa kile kidole, akalirudisha taratibu.

"Mama, huyu ana siku mbili."

"Siku mbili za wapi? Ameshuka kwa lori asubuhi hii hii."

"Ameshuka leo. Minofu alitolewa juzi. Angalia hapa kwenye uti, damu imeanza kuwa kahawia."

Nilimtazama vizuri. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu vyeusi vya kamba vilivyopakwa rangi mara nyingi, mkoba wa vitabu begani.

"Wewe ni mkaguzi?"

"Mimi ni mwanafunzi."

"Wa samaki?"

"Wa unesi. Nipe watatu kwa mia na sitini."

Nilikuwa nimesema mia mbili. Nilimpa kwa mia na sitini, kwa maana mtu anayeijua bidhaa yako kuliko unavyopenda, usimkazie. Akiondoka bila kupaza sauti mbele ya wanunuzi wengine, umepata faida yako.

Alirudi Ijumaa iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo. Habari za maisha yake nilizipata vipande vipande, samaki wakiwa kwenye mafuta.

Baba yake alitoka upande wa Webuye, akaja Kisumu kupakia magunia stendi. Mama yake aliuza mboga Manyatta. Nasambu alizaliwa Manyatta, na Dholuo anakiongea kama sisi wenyewe. Akikasirika tu ndipo Kibukusu kinamtoka. Alimaliza kidato cha nne na alama nzuri, karo ya chuo ikakosekana. Baada ya miaka ya vibarua, akaingia kiwanda cha minofu. Miaka saba alisimama na gambuti mbele ya meza ya chuma, mikono ndani ya maji ya barafu, mpaka ncha za vidole zikapasuka na hazijafunga vizuri hadi leo. Huko ndiko alikojifunza shavu la samaki. Kuna mengine pia aliyojifunza, na nilipoyasikia mara ya kwanza nilicheka.

"Kulikuwa na mzee mmoja, kazi yake ilikuwa kupima maji yanayokwenda kugandishwa barafu," aliniambia. "Ana kichupa chake. Akiona dawa ya maji haitoshi, anazima mashine. Hata samaki wawe wanarundikana mlangoni."

"Kwa ajili ya barafu?"

"Kwa ajili ya barafu. Sisi tulimwita Mchungaji."

Aliweka akiba miaka yote hiyo, akaingia chuo cha unesi akiwa na miaka thelathini na moja, darasani na wasichana wa miaka kumi na tisa waliomwita Anti. Mwaka wa pili walitumwa nyanjani wiki sita, yeye akapangiwa zahanati iliyo karibu na safu yetu. Mwalimu alitaka kila mmoja alete ripoti ya ugonjwa wowote katika jamii: umempata nani, wapi, na lini. Wenzake walikimbilia shinikizo la damu, kwa sababu kufunga kile kitambaa mkononi mwa mtu ni kazi rahisi. Wiki ya tatu ikaisha, Nasambu bado hana la kuandika.

Ndipo likaja letu.

Caren Ajwang ni mwenyekiti wa chama cha akina mama hapa kwetu. Walikuwa wamenunua hema tatu na viti vya kukodisha, na Jumapili moja wakafanya sherehe ya kuviombea kabla havijaanza kazi. Aliniagiza migongo arobaini ya kukaanga. Caren akianza kuteta bei, unaweza kumaliza kuchambua gunia la dagaa wa omena kabla hajanyamaza. Mimi sikushuka. Badala yake nilimwongezea mifuko miwili ya barafu juu ya mzigo, bure.

"Itapoza soda zenu," nikamwambia. Akaridhika.

Barafu ilikuwa biashara yangu ya pili. Nilikuwa na friza mbili nyuma ya nyumba, na wanawake wanaopeleka samaki sokoni Awasi walichukua kwangu kila alfajiri. Faida yake ilikuwa nzuri kuliko ya kukaanga, na haina moshi.

Jumatatu watu wakaanza kuharisha na kutapika. Kufikia Jumanne benchi la zahanati lilijaa. Jumatano wakaja mezani kwangu naibu wa chifu pamoja na Waliaula, bwana afya wa eneo letu, mtu mrefu mpole anayebeba kalamu tatu mfukoni.

"Mama Griffin," Waliaula akaanza, "nimeuliza wagonjwa kumi na wanane pale kwenye benchi. Kumi na wawili walikula samaki wako."

"Na hao sita je?"

"Kumi na wawili kati ya kumi na wanane, Mama. Ni wengi."

Agizo likatoka: safu yote izime majiko mpaka mkutano wa Jumatatu saa tatu. Kama hakuna kitu kingine kitakachoonekana, meza zote zitaondolewa. Meza kumi na nne. Yangu ina miaka kumi na tisa pale; nilianza na karai moja la kuazima.

Winny, jirani yangu wa meza, alimwaga makaa yake huku akinitazama.

"Mama Griffin, samaki wa chama uliwakaanga kwa mafuta gani? Ya lori?"

"Yale yale ninayokuazima kila mwisho wa mwezi."

Watu wakacheka, lakini jioni ile hakuna aliyekuja kuniaga.

Alhamisi mapema nilikwenda zahanati. Nilimkuta Nasambu akikorogea watoto maji ya chumvi na sukari. Sikwenda kulia. Nilikwenda kufanya biashara.

"Wewe unatafuta kitu cha kuandika," nikamwambia. "Mimi ninacho. Andika, nipate meza yangu."

"Siwezi kuandika samaki ni wazuri kwa sababu umeniomba, Mama."

"Sijaomba. Nauza."

Akafuta mikono. "Basi nipe majina ya wote waliokuja kwenye sherehe."

"Wagonjwa si hao hapo kwenye benchi?"

"Wagonjwa ninao. Nataka wazima."

Nilidhani shule imemharibu. Nikamwambia mtu aliyeibiwa haendi kuwahoji ambao hawakuibiwa.

"Mama, kwenye ile sherehe watu wengi walikula samaki?"

"Karibu kila mtu. Samaki wangu wanajulikana."

"Basi hata ungechukua waliofika na jino bovu, wengi wao wangekuwa wamekula samaki. Hiyo haisemi kitu." Akanitazama. "Mtu akikuambia leo Winny ameuza samaki thelathini, utasema ameuza vizuri?"

"Inategemea alibeba wangapi."

"Ehe. Hilo ndilo somo letu la wiki mbili nzima. Bwana Waliaula ametuambia waliouzwa. Hajatuambia waliobebwa."

Hapo nikamwelewa, na nikaona nimeuza kwa mtu sahihi.

Majina tuliyapata kwa Caren, ambaye hakuwa na orodha yoyote ila alikuwa na hema zake. Alipanga watu kama kawaida ya hapa: wazee hema la kwanza, akina mama na watoto la pili, vijana la tatu. Akafumba macho, akaenda hema kwa hema, kiti kwa kiti, nani alikaa wapi na alikuwa amevaa nini. Tisini na sita. Siku mbili, Nasambu na mimi tuligonga milango ya Obunga na ng'ambo ya reli, tukapata sabini na sita. Mimi nilikuwa wa kuonyesha njia tu. Alinikataza kufungua mdomo.

Kila mlango aliuliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, hata kwa watu aliowafahamu. Ulikula nini, ulikunywa nini, uliugua, ulianza lini. Na alikuwa ameandika kabla hatujaanza nani ataitwa mgonjwa: aliyeharisha mara tatu au zaidi kwa siku moja, kati ya Jumapili jioni na Jumatano.

Tulipofika kwa Mzee Wechuli, fundi wa baiskeli aliyestaafu, alitupokea akiwa tayari kuandikwa.

"Niandike mimi kwa wagonjwa. Hili goti halijanipa amani tangu Jumapili."

"Pole, Mzee. Tumbo je?"

"Tumbo zima. Ila nilikwenda choo mara mbili Jumanne."

"Mara mbili unaingia kwa wazima."

"Hata kama ile ya pili ilikuwa mbaya?"

"Hata kama, Mzee."

"Kwa hiyo nimenyimwa kwa sababu ya moja." Alionekana kuumia kweli. "Mimi nilikula vichwa viwili vya samaki."

Nikasahau katazo. "Andika hiyo kwa herufi kubwa. Vichwa viwili, na bado ni mzima."

"Mama," Nasambu akasema bila kuinua uso, "mtu mmoja si ushahidi. Mzee, ulikunywa nini?"

"Chai. Vitu vya baridi vinaniua kifua."

Akaandika chai, kama alivyoandika mengine yote.

Jumamosi mchana alikuja mezani kwangu, meza tupu, akatandaza daftari. Kwa kila chakula alichora sanduku la vyumba vinne: waliokula wakaugua, waliokula wakabaki wazima, wasiokula wakaugua, wasiokula wakabaki wazima. Akaanza na samaki.

Waliokula walikuwa hamsini na wawili, wakaugua ishirini na mmoja. Wasiokula walikuwa ishirini na wanne, wakaugua kumi.

"Wanne katika kumi upande huu," akasema, "na wanne katika kumi upande ule. Ukila, usipokula, ni sawa."

Nilikaa chini. "Basi nimepona."

"Samaki wamepona. Watu thelathini na mmoja bado waliumizwa na kitu."

Akaendelea. Wali, hakuna tofauti. Maharagwe, hakuna. Kabichi, hakuna. Halafu akajaza sanduku la juisi, na kalamu ikapunguza mwendo.

Waliokunywa juisi, arobaini na mmoja. Waliougua, ishirini na tisa. Wasiokunywa, thelathini na watano; waliougua, wawili.

Alirudia kuhesabu tangu mwanzo, mara mbili, akiweka kidole chake chenye nyufa kwenye kila jina. Hema la wazee lilikuwa karibu lote limesalimika, na hema la wazee lilikunywa chai.

"Haiwezekani," nikasema. "Maji ya juisi Caren aliyachemsha. Mtaa wote unajua."

Tukamwita Caren. Alikuja amekasirika kabla hajaulizwa.

"Niliyachemsha mimi mwenyewe, sufuria mbili kubwa, yakatokota. Niulizeni chochote."

"Naamini, Mama Caren," Nasambu akasema. "Yalipoa saa ngapi?"

"Yatapoa saa ngapi na wageni wamefika mapema na mchungaji ameshaanza kuomba? Tulikoroga unga wa juisi humo humo, yakiwa moto. Soda zilikuwa zimeshapoa, ndiyo tukachukua ile barafu tukatia."

"Mkatia ndani ya juisi?"

"Ndani. Mngetaka watoto wanywe juisi ya moto?"

"Barafu ilitoka wapi?"

Caren alinitazama tu, na Nasambu akageuka akanitazama vilevile.

"Mama, unagandisha maji gani?"

Ningeweza kudanganya. Lakini alikuwa amefika nyuma ya nyumba yangu mara nyingi, na miaka saba alifanya kazi karibu na yule mzee wa kichupa.

"Ya kisima," nikasema. "Maji ya mfereji nikiyagandisha sibaki na kitu. Na ile ni barafu ya samaki. Kila mtu anajua ni ya samaki."

"Kutoka kisimani mpaka choo ni hatua ngapi?"

"Sijapima."

"Mimi nilipima siku moja nilipokuja kwako. Kumi na moja."

Caren aliondoka bila kuaga. Tulibaki wawili na daftari lile. Nikafanya ninachokijua.

"Andika juisi. Juisi inatosha kuokoa meza."

"Nikiandika juisi peke yake, Jumatatu watakwenda mlangoni kwa Caren. Na Caren alichemsha."

"Basi andika barafu, usitaje ya nani."

"Kuna mwingine anayeuza barafu Obunga?"

Hakuna. Nilijua hakuna, nilihakikisha mwenyewe kwa miaka mitatu.

"Samaki watatu kila Ijumaa," nikasema, "bure, mpaka umalize chuo."

Nilitegemea akasirike, au aone haya. Alicheka tu, kama mtu aliyeitarajia bei hiyo.

"Kwa mia na sitini wananitosha, Mama." Kisha akafunga daftari. "Nitakachokupa ni hiki. Jumatatu nasoma hesabu, zote, na barafu iko humo. Lakini sisomi kabla ya saa tatu. Friza zikiwa zimezimwa, na ukiwa umesimama ukasema mwenyewe mbele yangu, mimi nitakuwa nasoma tu yale ambayo watu wameshasikia."

Nilipima usiku kucha? Hapana. Nilipima muda wa kufika nyumbani. Upande mmoja friza mbili. Upande mwingine meza kumi na nne, na wanawake kumi na watatu ambao wangeniona kila siku ya maisha yangu. Nilichomoa nyaya kabla sijavua kanga, nikaacha mfuko mmoja wa barafu kwenye ndoo yenye mfuniko, ndani ya friza ndogo ya jirani wa nyumbani, kwa ajili ya Waliaula. Kama nalipa, nilipe kwa ushahidi kamili, asije mtu kuniambia baadaye nilificha.

Jumatatu nilisimama kwanza. Nilisema maji ni ya kisima, barafu ni yangu, niliitoa kama nyongeza ili nisishushe bei, na mfuko uliobaki uko kwenye ndoo, upimwe. Sikuongeza maneno.

"Miaka kumi na tisa unatufundisha usafi wa meza," Winny akasema kutoka nyuma, "kumbe wewe mwenyewe unatunywesha kisima."

Alikuwa na haki yake.

Kisha Nasambu akasoma. Hakupamba. Sabini na sita walioulizwa, thelathini na mmoja walioumwa. Samaki hivi, juisi hivi. Alieleza kwa nini wagonjwa wa benchi hawakutosha, na alieleza bila kumtazama Waliaula, jambo ambalo nadhani Waliaula aliliona. Yule bwana alitoa kalamu moja, akauliza swali moja.

"Hao wawili ambao hawakunywa juisi na wakaugua. Vipi?"

"Mmoja ni mama aliyekuwa akimsafisha mtoto mgonjwa tangu Jumatatu. Yeye alianza Jumatano. Nafikiri aliupata nyumbani, si kwenye sherehe."

"Na wa pili?"

"Sijui," akasema Nasambu.

Nimeuza vitu maisha yangu yote, na mtu anayeuza haachi tundu kama hilo wazi. Neno hilo moja liliwafanya watu waamini mengine yote. Waliaula aliandika kitu, akaitikia kwa kichwa polepole, akaomba aonyeshwe ndoo.

Majibu ya maji na ya barafu yalirudi Alhamisi: uchafu wa choo, kwa wingi. Vipimo vya wagonjwa havikuonyesha kipindupindu, na hakuna aliyekufa. Hiyo ilikuwa bahati, na bahati siihesabu kama faida yangu. Kisima kikafungwa kwa saruji. Ijumaa safu ikawasha majiko.

Sasa niseme kila mtu alibaki na nini.

Wenzangu kumi na watatu walirudi kazini bila kupoteza zaidi ya siku tisa. Caren alisafishwa jina, na hema zake zinakodishwa kila wiki. Mimi hanikodishi, hata kwa bei kamili. Nilinunua unga wa chumvi na sukari nikaupeleka kwa wagonjwa wote thelathini na mmoja. Nyumba sita hazikunifungulia. Friza moja nimeiuza. Nyingine ipo, na Waliaula amesema nikigandisha maji ya mfereji yenye dawa, nikampa apime, ananiruhusu. Faida itakuwa nusu. Bado nafikiria.

Na Nasambu. Mwalimu wake alisema kazi ni nzuri, kisha akamkata alama nyingi kwa sababu aligonga milango ya watu kabla barua ya chuo haijapigwa muhuri. Alipita, lakini kwa alama chache kuliko wale wa shinikizo la damu. Waliaula amemwomba likizo ijayo akahesabu naye wagonjwa na wazima huko ufuoni mwa ziwa, kazi isiyo na malipo, na mwanamke yule aliyesimama miaka saba kwenye barafu kwa ajili ya karo amekubali. Nilimwambia ni biashara mbaya. Akasema anajua.

Ijumaa ile ya kuwasha majiko alikuja jioni, na viatu vyake vya kamba, akasimama mbele ya meza. Aliinua shavu la samaki, akanusa kidole. Akageuza uti, akautazama.

"Huyu ni wa leo," akasema.

"Wa leo. Watatu mia mbili."

Aliweka mia mbili mezani bila kuteta bei. Nikazichukua, nikamfungia samaki wake.